Mteremko wa nyuma ya nyumba, Goba, Dar es Salaam: shajara ya karanga-ua

Jumamosi, 3 Februari 2024

Leo nimeshika futi. Mteremko wa nyuma una urefu wa mita 12, na kutoka ukutani kushuka hadi mfereji wa jirani ni mita 3 na nusu. Mita za mraba 42. Kwenye kona ya jiko msingi umebaki wazi: nimeweka rula, sentimita 9 za zege ambazo fundi alizifukia mwenyewe leo zinaota jua.

Lawama tumeipa vuli iliyopita, ile ya El Niño, na kweli ilitupiga. Lakini mvua haikufanya kazi hiyo peke yake. Kila alfajiri bi mkubwa anatoka na fagio lake la chelewa, anafagia uwanja wote mpaka huko nyuma, na akimaliza mistari ya fagio imekaa kama nywele zilizochanwa. Jani halionekani, kijiti hakionekani. Kwao Muheza, uwanja usiofagiwa maana yake mwenye nyumba anaumwa. Nami nimelelewa na fagio hilohilo, kwa hiyo sina ubavu wa kumwambia mama yangu kwamba kila asubuhi anaufagia msingi wa nyumba yangu. Ila ndivyo ilivyo. Tone la mvua likiangukia udongo mtupu linautifua, chembe zinaruka, maji yanayoteremka yanazipakia. Fagio linazilegeza chembe hizo mapema, mvua inakuta mzigo uko tayari.

Ninachotaka: mmea unaotambaa, usiopita kifundo cha mguu kwa mbali, wa kijani mwaka mzima, unaovumilia kivuli cha mwembe upande mmoja na jua kali upande mwingine. Na usiohitaji mashine ya kukata nyasi. Mashine kwenye mteremko ule ni kutafuta kupoteza vidole.

Jumapili, 4 Februari

Nimezunguka kwa wauza maua wa kando ya Barabara ya Bagamoyo tangu saa tatu. Kila muuzaji ananipeleka kwanza kwenye wedelia, ile yenye ua la njano na majani yanayong'aa. Mmoja akanisifia: "Bosi, hii ukiipanda Jumatatu, Ijumaa iko kwa jirani." Yeye alikuwa anatangaza biashara, mimi nikarudisha mkono mfukoni. Wedelia asili yake ni Amerika ya kitropiki, inatoa mizizi kila kifundo cha shina kinapogusa ardhi, na kipande ulichokitupa mferejini kinakwenda kuota kwenye bonde la mtu mwingine. Imo kwenye ile orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya kuliko vyote duniani. Mfereji wangu unashuka moja kwa moja kwenye korongo, kwa hiyo hapana.

Ukoka unataka jua, chini ya mwembe utanyong'onyea. Nyasi za Pemba ni nzuri, nazipenda, lakini zinataka kukatwa. Mlakasa ule wa ufukweni nimeufikiria dakika mbili nikauacha. Pale Kunduchi kwenye mchanga unapendeza, ila unatupa kamba ndefu na katikati unaacha upara.

Mwisho nikakuta kwa muuzaji mmoja alichokiita karanga-ua. Kitaalamu ni Arachis pintoi, ndugu wa karanga hizi tunazokaanga. Vijani vinne vinne kwenye kikonyo kimoja, ua dogo la njano kama la karanga, shina linalala chini na kutambaa. Kwao ni Brazili. Mtu aitwaye Pinto aliuokota mwaka 1954 karibu na mdomo wa mto Jequitinhonha, jimbo la Bahia, na jina likabaki lake. Australia walianza kuutoa kwa wafugaji kama malisho mwaka 1987. Ni jamii ya kunde, hivyo unajitengenezea naitrojeni, na unavumilia kivuli. Unakwenda polepole mwanzoni, hilo kila aliyewahi kuupanda analisema, nami nimekubali kulilipia kwa subira.

Bei shilingi 1,000 kwa kiriba. Nikipanda kwa nafasi ya sentimita 30 kila upande ni miche 11 hivi kwa mita ya mraba, mara 42 ni kama 460. Laki nne na sitini kabla ya kirikuu. Nimenunua viriba 50, mingine nitaizalisha mwenyewe.

Na nimemwomba muuzaji anichotee kiroba kimoja cha udongo kutoka chini ya tuta lake kuukuu la karanga-ua. Akacheka, akaniuzia udongo kwa 2,000. Mzaha ulikuwa na maana yake. Vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi ya jamii ya kunde na kukamata naitrojeni vina uchaguzi, si kila kimoja kinakubali kila mmea. Penye tuta lililokwishazoea, vipo. Kwenye mteremko wangu uliofagiwa miaka mitano sidhani.

Jumamosi, 10 Februari

Kikao cha nyumbani. Bi mkubwa ameviona viriba.

"Haya, hivi vya nini?"

Nikamweleza mmomonyoko, msingi, mvua. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Kwa hiyo mwanangu unataka kufuga nyoka?"

Tumejadiliana mpaka chai ikapoa. Makubaliano: ukanda wa sentimita 60 kutoka ukutani hautapandwa kitu, utamwagwa kokoto, naye ataufagia apendavyo. Nilikubali kwa heshima, baadaye nilipokaa na daftari nikaona amenisaidia. Mmea ukiegemea ukuta unashika unyevu, na mchwa anapata njia ya kupanda bila kuonekana. Tena eneo limepungua hadi mita za mraba 35, miche themanini hivi imetoka kwenye hesabu.

Mchana nimekata vipande. Kila kimoja kina vifundo vitatu au vinne, vya chini viwili nimeviondoa majani nikavifukia. Vipande 230 kwenye kitalu chini ya mwembe, na ule udongo wa 2,000 nimeuchanganya humo.

Jumamosi, 17 Februari

Ndago.

Nilidhani mteremko ni mtupu. Kumbe utupu wa fagio ni wa juu tu, chini kumejaa. Nimepiga jembe sehemu ya mita mbili na kila bonge lilitoka na vile viazi vyeusi, vidogo kuliko punje ya choroko vingine, vingine kama korosho, vimefungamana kwa nyuzi nyembamba kama tasbihi. Ukivuta jani, uzi unakatika na kiazi kinabaki kikicheka. Ukikata kwa jembe, umegawa shina moja kuwa manne.

Nimebadilisha zana. Jembe uma badala ya jembe la kawaida, unainua udongo bila kuukata. Kisha nikaazima chekeche la fundi ujenzi, lile la kuchekechea mchanga, nikapitisha udongo wote wa juu. Kazi ya mtumwa. Mita za mraba sita kwa siku nzima na ndoo moja kubwa ya viazi. Viazi nimevianika juu ya bati, sivitupi mferejini.

Jumapili, 3 Machi

Nimemaliza mzunguko wa kwanza wa ndago, kisha nimefanya kinyume cha akili: nimeumwagilia mteremko mtupu maji. Shabaha ni vile viazi vilivyobaki viote vijitaje. Ndago changa inabidi itolewe mapema, kabla haijaanza kutengeneza viazi vipya chini. Siku ya tano majani yameshatokeza kama sindano, mengi kuliko nilivyoomba. Nimezunguka na kijiko cha kuchimbulia, moja moja.

Maji ya bomba yalikatika siku nne. Kitalu kimenyweshwa maji ya kuoshea mchele.

Jumamosi, 16 Machi

Mzunguko wa tatu wa ndago. Zimebaki chache. Kitaluni, kati ya vipande 230 vilivyoshika ni 187. Vingi vilivyokufa ni vile nilivyovikata kwenye ncha laini. Shina lililokomaa kidogo ndilo linalotoa mizizi.

Jirani mzee ameniona nimeinama na mfungo wangu jua la saa nane akanisemesha juu ya ukuta: "Hiyo si piga dawa tu?" Duka la pembejeo liko pale njia panda, dawa ya magugu ninayo habari nayo. Lakini pembeni kuna tuta la mchicha la mke wangu na chini kuna mfereji. Nimejibu, "Mzee, nafanya mazoezi."

Jumamosi, 30 Machi

Nimepanda.

Kwanza nimerudisha udongo kwenye kona ya jiko, matoroli 14, nikaushindilia. Kisha misumari mitatu ya nchi sita nimeigongomelea mteremkoni, juu, katikati na chini, mpaka vichwa vikalingana na ardhi. Udongo ukiondoka, kichwa kitabaki juu na rula itasema ni kiasi gani. Ni kipimo cha bure kisichojua kuongopa.

Magunia ya mkonge nimeyakata nikayatandaza, nikayabana kwa vijiti vya mwanzi. Kila sentimita 30 mkato wa msalaba, mche ndani. Mistari inakatiza mteremko, haishuki nao, na miche ya mstari wa pili inakaa kwenye mapengo ya wa kwanza, ili maji yasipate njia nyoofu ya kuteremkia. Miche 187 ya kitalu, mama zao 50, na vipande vibichi 145 nilivyovikata leoleo nikavidumbukiza moja kwa moja. Jumla 382.

Magunia yameishia mita moja na nusu kabla ya kona ya chini, upande wa mfereji. Nimetandaza majani makavu ya mwembe nikajiambia yatatosha.

Muuzaji alinishauri urea. Sijaweka. Mmea wa jamii ya kunde ukilishwa naitrojeni unaacha kuhangaika na vijidudu vyake, kama kijana anayetumiwa hela na mjomba kila mwezi.

Jumamosi, 13 Aprili

Idd imepita salama. Mvua haijapumzika, barabara ya kwetu ni ya kupita kwa maombi. Miche haionyeshi lolote, haifi wala haikui. Kila mgeni wa Idd aliyepita nyuma aliuliza kama magunia yameanikwa.

Alhamisi, 18 Aprili, usiku

Majani yametobolewa. Nimetoka na tochi saa nne: konokono, wale wakubwa wenye gamba la michirizi. Watu wa Asia na visiwa vya Pasifiki wanamlaani kama mvamizi, sisi huyu ni mwenyeji wetu kabisa, ametoka pwani hiihii ya Afrika Mashariki. Nimeokota 43 nikiwa nimevaa mfuko mkononi, maana anabeba minyoo na hastahili kushikwa kwa mkono mtupu, nikawatia kwenye ndoo ya maji ya chumvi, mbali na miche. Kesho tena.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa walishatuandaa tangu katikati ya wiki. Kimeingia kupitia Mafia, kwetu tumepata upepo na mvua ya kutosha. Watoto wamelala chumbani kwetu. Sikutoka nyuma.

Jumapili, 5 Mei

Nimetoka.

Kwenye magunia: mche umeinama, umepakwa tope, upo. Nimehesabu, imepotea tisa tu. Msumari wa juu kichwa kimechomoza chini ya nusu sentimita, wa katikati vivyo hivyo.

Kwenye ile mita na nusu ya majani ya mwembe: hakuna majani, hakuna miche, kuna korongo dogo lenye upana wa mguu. Msumari wa chini umesimama nje sentimita 4. Miche 50 na kitu imekwenda na maji. Nimeikuta saba imenasa kwenye wavu wa jirani, mmoja ukiwa bado na ua.

Bi mkubwa alisimama kwenye kokoto zake na mwavuli, akaangalia upande wa magunia, akaangalia korongo, akarudi kwenye magunia. Hakusema kitu. Akaingia ndani, akatoka na magunia mawili ya mchele aliyoyatunza chini ya kitanda toka sijui lini. Ya nailoni, si mazuri kwa kazi hii kwa sababu hayaozi. Nimeyapokea kwa mikono miwili, nimeyatumia, nimeandika hapa ili nikumbuke kuyatoa.

Jumamosi, 22 Juni

Kipupwe. Hewa nzuri, udongo bado una unyevu, na miche ghafla imeamka. Kila mmoja umetoa kamba tatu nne kama shubiri, zimeshaingia kwenye matundu ya jirani zake. Pengo la kona nimelijaza kwa vipande vipya.

Nimeng'oa mche mmoja kwa makusudi. Kwenye mizizi kuna vinundu, vikubwa kidogo kuliko punje ya ufuta, vimejipanga kama shanga. Nimekipasua kimoja kwa ukucha: ndani chekundu cha waridi, rangi ya fizi. Hiyo ndiyo rangi ya kazi. Kingekuwa cheupe au kijani, ningejua kinakula bure. Nimepasua sita, vitano vya waridi. Udongo wa 2,000 umejilipa. Nimemwonyesha mke wangu, akaniambia nikanawe mikono.

Ndago zimetoboa magunia sehemu mbili. Ncha yake ni sindano kweli, hata nailoni imeipenya.

Jumatano, 17 Julai

Binti yangu amegundua kitu nisichokuwa nimekiona miezi yote hii. Saa moja usiku alimulika kwa simu akaniita: majani yote yamekunjana mawili mawili, yametazama juu. "Baba, yamelala." Tukayagusa, hayakujali. Si kama kifauongo kinachojikunja ukikigusa. Hili linafuata saa. Asubuhi yalikuwa yamefunguka.

Jumamosi, 17 Agosti

Limepatikana gamba la nyoka. Refu kama mkono wangu, jepesi kama karatasi ya kitunguu.

Bi mkubwa ametembea nalo kwenye ufagio mpaka sebuleni.

Nikamwomba anionyeshe alikolitoa. Lilikuwa kwenye rundo la tofali za zamani nililoliacha pembeni ya banda la kuku tangu tunajenga, mita sita kutoka kwenye mmea wa kwanza. Ushahidi huo haukunisaidia sana, kwa sababu kwake yeye nyoka anayekaa kwenye tofali anakwenda kutembea kwenye majani. Na sina hakika kwamba amekosea. Kwa hiyo tofali zimeondoka leo, zote, toroli 9, na nimekata ukingo wa karanga-ua uliokuwa umeanza kuingia kwenye kokoto. Panya hawana pa kujificha karibu na ukuta, nyoka hana cha kufuata huko. Ukanda wa sentimita 60 nimeukubali sasa kwa moyo, si kwa heshima tu.

Jumapili, 29 Septemba

Tumefunika. Nikisimama mlangoni siuoni udongo isipokuwa kiraka cha saizi ya ungo chini kabisa ya mwembe, kwenye mizizi mikubwa. Kimo ni sentimita 12 hivi juani, chini ya mwembe inafika 20 kwa kutafuta mwanga. Maua juani ni mengi, kivulini ni ya kuhesabu. Magunia ya mkonge yameoza yenyewe. Ya nailoni nimeyachomoa vipande vipande na nimetukana kimoyomoyo.

Kuku wa jirani wamejaribu kuparua, wameshindwa, kamba zimefungamana kama mkeka.

Jumamosi, 9 Novemba

Vuli inakuja kwa kudonyoa. Nimepitisha panga juujuu mara moja, tangu kuanza, kwa sababu ya unadhifu tu. Majani yaliyokatwa tumempa mwenye mbuzi wa mtaa wa pili, mbuzi wamekula kama wamealikwa.

Ndago bado nazipata, mbili au tatu kwa wiki, zimenyooka nyembamba kwenye kivuli cha karanga-ua. Zamani ndago ilikuwa inanitafuta mimi.

Jumapili, 12 Januari 2025

Kiangazi. Wiki tatu bila mvua, sijamwagilia kwa makusudi nione. Upande wa jua umeangusha baadhi ya majani na uliobaki umekunja majani mchana kama unajikinga, rangi imepauka kidogo. Upande wa mwembe haujui kama kuna kiangazi. Kesho nitaupa maji upande wa jua, jaribio limetosha.

Mama mmoja wa kikoba cha bi mkubwa amekuja kuomba mbegu. Mbegu zenyewe zinajizika ardhini kama karanga, kuzichimbua ni kuharibu mkeka, kwa hiyo anapewa vipande. Nilikuwa natafuta kisu, nikakuta bi mkubwa ameshakata kiasi cha kutosha, amekifunga kwenye gunia bichi, anatoa maelekezo: vifundo vitatu, viwili ardhini, usichukue ncha, na uchote na udongo wa hapa kidogo. "Na usipande mpaka ukutani, shoga yangu. Uache pa kupita fagio."

Walipoondoka nilikwenda na rula kuangalia misumari. Wa juu nimeupata kwa kupapasa, kichwa kimelingana na ardhi. Wa katikati umefukiwa na majani makavu yaliyoozeana na udongo kidogo ulionaswa kutoka juu, kama sentimita moja. Wa chini, ule uliosimama nje baada ya Hidaya na nikaugongomelea upya, nimeutafuta robo saa nikiwa nimepiga magoti, mkono wote umezama kwenye majani.

"Umepoteza nini huko?" akaniuliza kutoka kwenye kokoto.

"Msumari, mama."

"Basi vaa viatu."